Kufunga Alikoagizwa Mukandori

Mtu akiuliza njia hupoteza pumzi chache. Asiyeuliza huweza kupoteza safari nzima, na pengine hata miguu ya kusafiria. Ndiyo maana wakubwa wetu walituachia neno fupi la kumwondolea mtu aibu: kuuliza si ujinga. Asiyejua akauliza amekwisha kuanza kujua, lakini asiyejua akanyamaza hulala kitanda kimoja na ujinga wake, wakajifunika blanketi moja. Mukandori alilijua neno hilo. Aliwaambia wajukuu wake kila walipotoka masomoni na madaftari yamejaa makosa. Ila neno la kumpa mwenzako ni jepesi kama unyoya. Siku ya kulibeba wewe mwenyewe ndipo unapoona uzito wake.

Mukandori alikuwa mjane wa Bibokoboko, mahali pa milimani, pa ukungu na ng'ombe. Vita vilipotawanya watu na mifugo, alishuka Baraka, mji wa kando ya ziwa, pamoja na Gatesi, mke wa mwanawe Éliezer, wakapata nyumba jirani na ya Anastasie, mama wa Kibembe aliyeuza ndakala, dagaa wa ziwani. Mwanzoni wanawake hao wawili walisalimiana kwa macho tu, maana nyakati zilikuwa mbaya na kila mtu alimwogopa mwenzake. Siku moja Mukandori alitoka kulalamikia harufu ya ndakala zilizoanikwa chini ya dirisha lake. Anastasie akamjibu kwamba yeye naye kwa miezi mingi alikuwa akivumilia harufu ya siagi ya ng'ombe bila kumshitaki kwa mtu. Wakacheka. Tangu hapo wakawa chanda na pete, ingawa kutaniana hakukuisha.

Ugonjwa ulimjia Mukandori polepole, kama mwizi anayelijua jina la mbwa. Akitembea kidogo, moto ulishuka kutoka kiunoni, ukapita makalioni, ukaingia miguuni, na miguu ikawa mizito kana kwamba amevaa udongo. Akiinama, au akiegemea ukuta, alipata nafuu. Basi akazoea kutembea ameinama. Watu wakasema uzee umempigia hodi, naye akaacha waseme. Vidonge vilimtuliza, kisha vikachoka. Sindano zilimtuliza, kisha nazo zikachoka. Mwishowe Éliezer, aliyekuwa akifanya kazi Uvira, alimpeleka Bukavu kupigwa picha ya skana, na picha ikaonyesha kwamba chini ya mgongo, njia inamopita mishipa imekuwa nyembamba. Akaambiwa angoje daktari wa mgongo ambaye angeshuka Baraka kupasua wagonjwa kwa muda.

Kungoja kulimlelea hofu kama ndama anavyolelewa ndani ya nyumba. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na mgonjwa wake mkononi. Mmoja alisimulia habari za Fabien wa Kazimia, aliyetiwa vyuma mgongoni, na sasa anatembea wima kama askari wa gwaride lakini hawezi kuinama kuokota sabuni. Mwingine akaleta habari za Willy wa Kilembwe, aliyepasuliwa bila chuma chochote akarudi shambani kwake na jembe begani. Na mwingine tena akasema ni kweli, ila maumivu yake yamerudi. Mukandori aliwasikiliza wote, na usingizi ukamkimbia. Mgongo ni nguzo ya nyumba. Nani anaruhusu watu wachezee nguzo na yeye yumo ndani?

Siku ya kuonana na daktari ikafika. Daktari Bonaventure alikuwa mtu mnene, mpole, na mtu wa dini. Kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza aliwasimamisha wote waliokuwa kwenye mabenchi akawaombea. Jambo hilo lilimpendeza sana Mukandori. Alipoingia, daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akamgongagonga magoti, akamwinamisha, akamwinua.

"Mama," alisema, "hii mugongo yako, fasi ya mishipa kupita imekuwa ndogo sana. Iko njia mbili. Kuko batu tunafungua tu, inaisha. Lakini wewe, naona kufungua peke yake haitatosha. Itaomba kufunga."

Akamwambia akaongee na watu wake, kisha arudi na jibu. Akamwonya pia: mkojo ukikataa kutoka, au akikaa asisikie anapokalia, asingoje siku ya miadi, aje mbio. Mlango ukafunguliwa, mtoto aliyevunjika paja akaingizwa akilia, na daktari akasimama. Mukandori alitikisa kichwa kukubali. Kichwa kilisema ndiyo kabla moyo haujauliza ni ndiyo ya nini.

Maana Mukandori, mtu wa kanisa tangu ujana wake, alijua kufunga kwa namna moja tu: kuacha chakula na maji, kupiga magoti, na kumlilia Mungu.

Alitoka pale amelowa jasho la baridi. Daktari mkubwa, aliyesoma hata nywele zikampungua, amesema kisu hakitatosha. Amesema kufunga. Kwa hiyo si ugonjwa wa hospitali, alijiambia. Ni kitu kingine, pengine pepo aliyetumwa na mtu, kitu ambacho hata skana imekiona ikashindwa kukitaja. Alikumbuka waliobaki mlimani, aliokosana nao kwa ajili ya malisho, na majirani wapya ambao hakujua mioyo yao. Hofu ilimtanda kama ukungu wa kwao, ule unaomfanya mchungaji asione hata pembe za ng'ombe anayemshika.

Alifikiri kurudi aulize. Lakini aliwaza atakavyosimama mlangoni, mama mzima mwenye wajukuu, aseme hakuelewa neno la Kiswahili alilolijua tangu utoto. Alijionea haya. Akaenda zake.

Mzee Gad, kiongozi wa kikundi cha maombi, alipopewa habari hiyo alimsifu daktari: wangapi wenye elimu wanaokiri kwamba mkono wa Mungu unapita kisu? Akatangaza kikundi kizima kifunge pamoja na Mukandori. Gatesi alitaka kujua mama mkwe wake afunge namna gani na mpaka siku gani. Mzee Gad akasema bila shaka daktari amekwisha kueleza. Mukandori naye aliamini kwamba Mzee Gad anajua. Hivyo kila mmoja aliegemea ujuzi wa mwenzake, na katikati yao hapakuwa na mtu aliyejua.

Wengine walifunga mpaka jua la kuzama, wakala. Mukandori hakutaka kumdanganya Mungu. Alikunywa maji funda moja jioni na kijiko cha uji, basi. Gatesi alipombembeleza, alimwambia asimkatishe njia ya kupona. Mashavu yakaingia ndani, midomo ikapasuka. Na miguu, badala ya kupata nguvu, ikazidi kumkana. Mguu wa kulia ulianza kuburuta vidole chini kama jembe lililolegea mpini.

Kisha likaja jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliketi kwenye kigoda, na kigoda kikawa kama hakipo. Alijifinya chini ya makalio, akafinya tena, kana kwamba anafinya mkate. Na mkojo ulikuwa haumjii. Tumbo la chini lilimvimba, lakini akienda chooni yalitoka matone tu. Onyo la daktari lilimpita kichwani kama umeme. Akalizima. Alijiambia kwamba asiyekunywa maji atakojoa nini? Ni huku kufunga. Pengine ni dalili kwamba kazi inafanyika mwilini. Lakini sauti nyingine, ndogo, yenye meno, ilimwambia kwamba anakufa kuanzia chini kwenda juu.

Anastasie alimkuta asubuhi amejilaza ubavu, ameshika tumbo. Alikuwa amemletea ndakala za kuchemsha na ugali wa moto, maana yeye alikuwa Mkatoliki na mfungo wa kikundi haukumhusu. Alitaka kumtania kama kawaida, kisha akamwona uso.

"Mama Éliezer, wewe utakufa na njaa mbele ya mugongo kukuua," alisema akiweka sahani chini. "Daktari alisema ufunge mpaka lini?"

"Hakusema."

"Na wewe uliuliza?"

Mukandori akageuza uso ukutani. "Mutu muzima sawa mi, nianze kuuliza-uliza sawa mutoto wa masomo? Atasema bamama ya mulimani habajue hata kusikia."

"Ee. Kumbe ukikufa, njo atasema bamama ya mulimani banajua kusikia?"

Gatesi, aliyekuwa mlangoni, alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akaanza kulia. Mukandori aliposikia kilio hicho, kitu kilikatika ndani yake. Akawaambia yote: kigoda asichokisikia, tumbo lililojaa, matone. Anastasie hakutania tena. Alifunga kitenge chake vizuri, akaenda kusimamisha pikipiki, wakampakia Mukandori katikati, Gatesi akimshikilia kwa nyuma kama mtu anavyoshika kiroba kilichopasuka. Anastasie akafuata kwa pikipiki ya pili.

Njiani kila shimo la barabara lilimtikisa, na jambo la kutisha ni kwamba halikumuuma. Mwenye maumivu huomba yaishe. Siku hiyo Mukandori aliomba yarudi.

Daktari Bonaventure alimpokea mara moja. Alimgusa kwa pamba na kwa ncha ya sindano huku na huku, akimuuliza kama anasikia, na kila mara Mukandori alijibu hapana, uso wa daktari ulizidi kukunjamana. Muuguzi Clarisse akamtia mpira wa kutolea mkojo, nao ukatoka mwingi kama wa ng'ombe aliyetoka mtoni. Tumbo likalegea. Lakini hofu haikulegea, maana kulikuwa bado na lile neno. Anastasie alimgusa bega kwa kidole. Mukandori akajiinua kidogo kwa kiwiko.

"Daktari," alisema, "nitafunga mpaka lini?"

Daktari alikuwa ameinamia picha. Alijibu bila kuinua kichwa. "Ile haina mwisho, mama. Tukisha kufunga, inabaki vile. Utaingia nayo ku kaburi."

Mwili wa Mukandori ukafa ganzi hata pale palipokuwa na uhai. Zamani angeishia hapo, atikise kichwa, aseme aksanti, akafe kwa adabu. Anastasie akamgusa tena, safari hii kwa ukucha.

"Sasa, daktari," Mukandori aliuliza kwa sauti ndogo, "mutu anaishi aje mpaka kaburi bila kukula?"

Daktari aliinua kichwa. "Bila kukula nini?"

"Chakula. Si ulisema nifunge?"

Clarisse aliyekuwa akiandaa maji ya mshipa aliganda na chupa mkononi. Daktari aliitazama ile midomo iliyopasuka na ile mifupa ya shavu, na polepole alielewa. Alivuta kiti akakaa karibu, magoti yake yakielekea ya Mukandori, kama watu wanaopatana mahari.

"Ni mi nilikosa, mama," alisema. "Nilikuachia neno na sikufatilia ilifika fasi gani. Kufunga ile nilisema ni ya mifupa. Tunaweka vyuma na visi, ile misumari ya kuzungusha, mifupa mbili inashikana, haitembee tena. Kukula, ukule. Ni nani alikukataza?"

Anastasie alitazama dari na mabega yakamtetemeka. Mukandori hakucheka. Hofu yake ilikuwa imebadilika sura tu: ile ya pepo imeondoka, ile ya vyuma imeingia, pamoja na Fabien wa Kazimia na sabuni yake. Lakini ulimi wake ulikuwa umekwisha kuvuka mto, na aliyevuka mto haogopi tena kulowa. Akauliza jingine. Akauliza kufungua ni kufungua nini.

Daktari akamweleza kwamba mishipa ya miguu na ya mkojo hupita ndani ya mifupa ya mgongo, na kwa miaka mifupa hunenepa, na nyama za kuishikanisha nazo hunenepa, mpaka njia inabana. Mukandori alisikiliza amekunja uso. Akauliza kama ni sawa na mlango wa zizi mvua inapopiga, ng'ombe wote wanataka kuingia, mlango ni mwembamba, wanakanyagana. Daktari akasema ni hivyo hivyo. Kufungua ni kuondoa miti inayobana mlango. Kazi si ndefu sana, damu haipotei nyingi, na mtu akipona huweza kuinama kama zamani.

"Na kufunga?"

"Kufunga ni kama nguzo ya mulango inacheza. Ukitoa miti na nguzo inacheza, itaanguka, mulango itabana tena. Njo tunaifunga. Lakini kazi ni ndefu, damu ni mingi, kupona ni miezi mingi, na ile fasi haitainama tena. Na mifupa ya juu yake inabeba muzigo ya mwenzake, nayo siku moja inaweza kuchoka."

Kumbe Fabien na Willy hawakuwa na ugonjwa mmoja. Walikuwa na milango miwili. Watu walikuwa wamewalinganisha kama mtu anayelinganisha ng'ombe wa maziwa na fahali.

"Na yangu, nguzo inacheza?" aliuliza Mukandori.

Daktari alimwonyesha kwenye picha mfupa mmoja uliotangulia mwenzake kidogo, kama jino lililopita mstari. Ndio uliomfanya aseme kufunga. Lakini, alisema, picha ilipigwa Mukandori akiwa amelala. Mfupa huo unaweza kuwa ulisogea zamani ukatulia hapo, au unacheza hata leo. Kujua kungetaka picha ya kusimama na kuinama, na leo Mukandori hawezi kusimama. Vyuma viko Bukavu. Kumpeleka kule ili afanyiwe yote mawili mara moja kulimaanisha njia mbaya na mishipa ikiendelea kubanwa. Kufungua kungewezekana hapa, leo, na daktari angejitahidi asiiguse nguzo. Kama baadaye mfupa ungecheza, wangekwenda Bukavu kuufunga.

Gatesi akauliza kama miguu itarudi. Daktari akasema hawezi kuahidi. Wangemleta siku kigoda kilipopotea, angekuwa na neno zuri zaidi. Mukandori alijua neno hilo limemlenga nani, ingawa daktari hakumtazama.

Wote wakamngoja yeye. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama mlango usio na kitasa siku ya upepo. Alitamani mtu mwingine aseme, Éliezer, Mzee Gad, mtu yeyote. Kisha akasema:

"Ng'ombe wakikanyagana mulangoni, mutu anafungua kwanza. Nguzo ataiangalia kiisha. Munifungue."

Clarisse akaja na maswali yake ya kabla ya upasuaji. Aliuliza mgonjwa alikula lini mara ya mwisho, kwa kuwa tumbo lazima liwe tupu. Anastasie akajibu kwa niaba yake kwamba kwa hilo wasiwe na shaka, hapa Baraka hakujapata kuwa na tumbo tupu kama lile. Safari hii hata Mukandori alitabasamu, midomo ikatoka damu. Wakamtia maji ya mshipa ya kutosha kwanza. Walipomsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na mlango ulipofungwa nyuma yake Gatesi alisikia sauti yake bado ikiuliza: atalala au atakuwa macho, atalazwa kifudifudi, nani atamshika mkono. Na kila mara sauti ya daktari ilimjibu.

Alipozinduka hakuthubutu kujisogeza. Alilala akitazama ukuta, akiogopa kuagiza mguu usimtii. Ni Gatesi aliyefunua shuka na kumshika kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Mukandori akapiga yowe. Kilimuuma, na hakuna asali iliyowahi kuwa tamu kama maumivu yale.

Mkojo ulichelewa, kisha ukarejea. Miguu ilichelewa zaidi. Wiki zilipita akijifunza kutembea kwa fimbo, wima, na majirani waliomzoea akiinama walishangaa kumbe ni mrefu. Mzee Gad alikuja kumtazama. Alikiri kwamba naye aliona haya kuuliza, kwa sababu kiongozi anadhaniwa kujua. Daktari alipompiga ile picha ya kusimama na kuinama, mfupa ulikuwa umetulia palepale. Nguzo haikucheza. Vyuma havikuhitajika, angalau kwa sasa, na Mukandori alimuuliza hilo "kwa sasa" lina maana gani, na kama anaweza kulima, na kubeba maji, na kuinama kukamua, mpaka watu wa benchi wakaanza kuguna.

Lakini vidole vya mguu wa kulia havikurudi. Vipo, vina joto, lakini havisikii kitu. Akitembea, ndala ya mguu huo huchomoka ikabaki nyuma njiani bila yeye kujua, naye hugeuka tu anaposikia watu wakimwita. Gatesi huiokota, humvisha, wakaendelea. Anastasie humwambia kwamba mtu mwenye ndala moja huenda mbinguni nusu nusu. Mukandori hucheka naye. Lakini kila anapotazama vidole vile, anajua vilipotelea wapi: vilipotelea kati ya kiti cha daktari na mlango, siku ile alipotikisa kichwa badala ya kufungua mdomo. Swali moja lingetosha kuviokoa, nalo lilikuwa mdomoni mwake wakati wote, kwa maana kuuliza si ujinga.